Shahada ya Sanaa Ipimwe kwa Saa za Studio

Ukimwambia dereva wa bodaboda hapa Mwanza akupeleke studio, atakuuliza: ya picha za pasipoti au ya kurekodi nyimbo? Studio ya mchoraji haimo katika mji anaoujua, na simlaumu. Wachoraji wetu wengi hufanyia kazi chumba kilekile wanacholala, kanvasi imeegemezwa kwenye ndoo ya maji. Nimefundisha sanaa za ufundi sekondari kwa miaka kumi na mmoja wilayani Nyamagana, na swali zito kuliko yote katika miaka hiyo sikuulizwa na mwanafunzi. Niliulizwa na mzazi, baba mmoja anayenunua dagaa Mwaloni na kuwasafirisha, aliyekuja ofisini baada ya kusikia kwamba mwanawe anataka kusomea uchoraji chuo kikuu.

Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. "Mwalimu, mimi sikatai," akasema. "Ila nieleweshe. Miaka mitatu mizima, wanachora nini?"

Wazazi wengi huuliza kijana atapata kazi gani, na hilo nitaligusa. Yeye aliuliza kinachofanyika ndani ya hiyo miaka. Mtu aliyezoea kupima mzigo kabla ya kulipa ana haki ya kuuliza hivyo, na vyuo vyetu vingepaswa kuwa na jibu kabla ya kutangaza nafasi za masomo. Jibu langu ni hili: miaka hiyo ikitumika studio, mitatu haitoshi. Ikitumika kunakili noti, hata muhula mmoja ni mwingi.

Kijana mwenye kipaji hufika mwaka wa kwanza na ujuzi mmoja: anaweza kuchukua picha ya mchezaji mpira kwenye simu na kuinakili kwa penseli mpaka watu wakashangaa. Ni ujuzi wa kweli, lakini kazi ngumu imekwisha kufanywa na kamera. Kamera ndiyo iliyochagua mtu asimame wapi, ndiyo iliyobana dunia yenye kina ikawa karatasi bapa. Mwalimu mzuri wa studio humwambia aweke simu mfukoni, kisha humwekea mezani birika, kikombe na kitambaa kilichokunjwa ovyo. Chora unachokiona.

Hapo ndipo kilio huanzia. Kichwa kinajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara, basi mkono unachora duara. Lakini ukikaa mbele ya kikombe hulioni duara, unaona umbo la yai lililolala, na ukiinama kidogo yai hilo linazidi kuwa jembamba mpaka libaki mstari. Kichwa kinajua kwamba uso wa binadamu ni nywele, macho, pua na mdomo, basi macho yanapandishwa juu kwenye paji, wakati macho ya mtu mzima yako karibu katikati ya urefu wa kichwa chake. Mkono wa kijana huyu hauna shida. Anachora anachokijua badala ya anachokiona, na kumwondolea tabia hiyo huchukua miezi. Hakuna noti inayoweza kumwondolea. Nimewahi kuandika ubaoni kanuni ya macho kuwa katikati ya kichwa, wote wakainakili vizuri, kisha wote wakachora macho kwenye paji.

Kidato cha tatu huwa nawapeleka upande wa Kamanga kulichora Jiwe la Bismarck, miamba iliyosimama ziwani. Sharti langu ni moja: usilichore jiwe. Chora anga na maji yaliyobaki kati ya jiwe na jiwe, ukimaliza jiwe litakuwa limejitokeza lenyewe. Saa nne asubuhi ubavu mmoja wa jiwe unang'aa na mwingine una giza. Saa kumi jioni mambo yamegeuka, na aliyechelewa kumaliza anagundua kwamba jiwe alilokuwa akilichora halipo tena. Watoto hawa wamezaliwa kwenye jiji la mawe, wengine nyumba zao zimekaa juu ya miamba ya Mabatini, na siku hiyo ndiyo ya kwanza wanayaona. Mimi naweza kuwapa siku moja kwa muhula. Shahada inatakiwa iwape siku kama hiyo kila wiki kwa miaka mitatu, kwa penseli, kwa mkaa, kwa udongo, kwa rangi, kwa ubao uliochongwa na kupakwa wino.

Ndiyo maana vyuo vinavyochukulia somo hili kwa uzito huhesabu saa kwa namna ya pekee. Marekani, ambako shahada ya kwanza huchukua miaka minne, zipo njia mbili kuu. Moja ni shahada ya kitaaluma ya sanaa, ambayo karibu theluthi mbili ya masomo yake yote ni kufanya sanaa na kuisoma historia yake. Nyingine ni shahada ya jumla, ambayo sanaa huchukua kati ya theluthi moja na chini kidogo ya nusu, na nafasi inayobaki ni ya lugha, sayansi, historia. Zote mbili ni halali. Kinachonivutia ni kwamba zinasema wazi mapema: utakuwa studio kwa kiasi hiki. Na saa moja ya studio haihesabiwi sawa na saa moja ya mhadhara, kwa sababu kazi ya studio hufanyika humohumo darasani, ilhali mhadhara hudai saa za kujisomea nje.

Jambo la pili linalofanyika katika miaka ile ni gumu zaidi kumweleza mzazi. Ni kikao cha uhakiki. Kazi zote zinatundikwa ukutani, aliyechora anatakiwa anyamaze, na wenzake wanasema wanachokiona kabla ya kusema kama wamekipenda. Jicho langu limeenda wapi kwanza? Kwa nini limekwama kwenye ile kona nyekundu? Yule mwanamke amebeba ndoo nzito au tupu, na nimejuaje?

Kwetu hili lina uchungu wake. Tumelelewa kutomkosoa mtu hadharani, sembuse aliyekuzidi umri. Ukiwauliza wanafunzi wapya kuhusu kazi ya mwenzao watakwambia "nzuri sana, mwalimu", na huo ndio mwisho wa maongezi. Sikubali kwamba adabu ndiyo kikwazo. Wazee wa ufukwe huu wa ziwa wanakosoa mtumbwi uliojengwa vibaya bila kumvunjia fundi heshima: wanainama, wanapitisha kiganja kwenye maungio, wanasema "hapa patakunywa maji". Wanausema mtumbwi, fundi wanamwacha na heshima yake. Uhakiki wa studio ni lugha hiyohiyo, na inafundishika.

Mimi mwenyewe ilinipata nikiwa chuoni, muhula wa tatu. Nilichora wanawake wakianika dagaa mchangani, picha kubwa, niliipenda kupita kiasi. Nilitundika nikasubiri sifa. Mwalimu aliitazama muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Jua liko wapi?" Nikaangalia. Kila mwanamke nilikuwa nimempa kivuli kinachoelekea upande wake. Nimekulia Igombe, nimeona dagaa wakianikwa tangu sijaanza shule, na sikuwa nimetazama hata mara moja kivuli kinalala wapi asubuhi. Picha ile nilichora upya mara nne. Sijafundishwa kitu kikubwa kuliko swali lile, kabla wala baada.

Lakini ni chuo hichohicho, nisingependa kukitaja, ambako mwaka wa pili tulijazana chumba kimoja, stendi za kuchorea zikiwa chache kuliko vidole vya mikono miwili. Uchapaji wa picha tulifundishwa kwa noti. Kwenye mtihani tulitakiwa kuchora mashine ya kuchapia na kutaja sehemu zake. Nilipata alama ya juu, na wino wa kuchapia sikuwa nimewahi kuugusa. Niliugusa miaka miwili baada ya kuhitimu, kwa kumwomba fundi wa mabango mjini anionyeshe jinsi ya kuvuta wino kwenye fremu ya kitambaa, na mchana mmoja kwake ulinipa zaidi ya muhula mzima wa darasani. Hasira hiyo bado ninayo. Hakuna anayethubutu kufungua shahada ya kemia isiyo na maabara, akafundisha mmenyuko kwa maneno matupu. Kwa nini kwenye sanaa tunaona ni sawa?

Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, upo ushahidi mzuri wa jinsi jambo hili lilivyoanza Afrika Mashariki. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha kuchora barazani kwake. Darasa lile likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Trowell hakutaka wanafunzi waige wachoraji wa Ulaya. Aliwasimulia kisa, kisha kila mmoja achore alichokiona akilini. Alipoondoka mwaka 1958 akaja Cecil Todd, kutoka Afrika Kusini, naye akageuza meza: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, mazoezi ya kutazama na kupima. Mpaka leo walimu wa sanaa wanabishana nani alikuwa sahihi. Mimi naona Todd aliwaheshimu zaidi wanafunzi, kwa sababu hakuogopa kwamba kujua kutawaharibu. Na Trowell mwenyewe, pamoja na woga wake huo, alikuwa na jambo ambalo baadhi ya vyuo vya leo vimelipoteza: alianza na baraza, karatasi na muda.

Sam Ntiro alitoka humo. Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Trowell kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London. Waliohofia kwamba London itamfuta waangalie picha zake: migomba, watu wakilima pamoja, vilima vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama vitambaa. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru na Ntiro akawa balozi wetu wa kwanza London. Mzazi anayeniuliza mchoraji anaweza kuwa nani humjibu kwa jina hilo, ingawa najua si jibu la haki. Mtu mmoja aliyefika balozi hawezi kuwa dhamana ya mamia ya vijana.

Upande wa pili wa hoja pia una jina lake, na ni zito. Edward Saidi Tingatinga hakukanyaga chuo cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za silingi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Katika miaka hiyo alifundisha ndugu na jamaa, nao wakafundisha wengine, na mpaka leo kuna familia zinazokula kwa mtindo wake. Ni shahada gani ya sanaa nchini iliyolisha watu wengi hivyo?

Nakiri hakuna. Karakana ya fundi ina vitu viwili ambavyo chuo kinavionea wivu: mwanafunzi anafanya kazi kutwa nzima, na kazi yake ina mnunuzi. Kilicho tofauti ni kinachodaiwa kwa mwanafunzi. Karakanani analipwa kwa kurudia vizuri. Chui wa leo afanane na chui wa jana, mtalii amekwisha kumzoea. Studio ya chuo inamdai aache alichokizoea. Umeiva kwenye rangi? Muhula ujao udongo. Umezoea picha ndogo? Chora ukuta. Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliwaanzisha wanafunzi wake wote kwa kozi ya awali ya kuchezea vitu: mbao, sufu, kioo, karatasi, ili wajue kila kitu kinakubali nini na kinakataa nini kabla hawajachagua njia. Shule ile ilifungwa mwaka 1933, lakini mwaka wa msingi unaofundishwa leo katika vyuo vingi vya sanaa duniani ni mjukuu wa kozi ile.

Sasa geuka uitazame Mwanza kwa jicho la kozi hiyo. Makoroboi, iliyopata jina kutokana na vibatari vilivyotengenezwa pale kwa makopo, ni darasa la bati. Mafundi wa mitumbwi, wenye randa na tezo, wanajua kupinda ubao mpaka ufuate maji. Kisesa kuna makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement, na banda lake la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha Kisukuma. Jengo zima ni sanamu unayoingia ndani. Na kabla ya hapo Wasukuma walikuwa na michoro yao. Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza na nyoka: watu, nyoka na viumbe vya hadithi, vilivyochorwa ndani ya nyumba za kuingizia wanachama. Mwanafunzi wangu anayetaja wachoraji wa Italia kwenye insha hajawahi kuambiwa kwamba babu zake walichora kuta.

Yote hayo yapo, na kijana wa hapa akitaka shahada ya uchoraji anafunga begi kwenda mbali, kwa mfano Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, pale Malimbe inajulikana kwa waandishi wa habari, Bugando kwa madaktari. Chuo cha Ualimu Butimba kimetoa walimu wa sanaa, nami nafanya kazi na baadhi yao. Ndio wanaofanya somo hili lisife Kanda ya Ziwa. Lakini ualimu ni ualimu. Naomba studio ya shahada ya kwanza kwenye ufukwe huu, na naiomba kwa masharti, kwa kuwa jina la shahada peke yake litatuletea tena mtihani wa kuchora mashine.

Sharti la kwanza, kijana adahiliwe kwa mkoba wa kazi zake pamoja na cheti. Leo aliyefaulu historia na Kiswahili anaweza kupangiwa sanaa bila kuwa ameshika brashi, na anayechora mchana na usiku akaachwa kwa alama moja. Mkoba wa michoro ishirini utamwonyesha mwalimu kama mtu huyu anatazama.

La pili lina ubishi mkubwa. Vyuo vikuu vinataka mhadhiri mwenye shahada za juu, na sipingi; historia na uhakiki vinahitaji msomi. Lakini maabara za sayansi zina mafundi sanifu wanaolipwa rasmi, wanaojua mashine kuliko profesa. Studio nayo iwe nao. Fundi bati wa Makoroboi aingie kwa mkataba na saa zake zilipwe. Mama mfinyanzi asiitwe siku ya maonyesho tu, akae mbele kama pambo. Nimeona wageni rasmi wakipiga naye picha, kisha wakaondoka bila kumuuliza udongo wake anautoa wapi.

La tatu, saa za studio ziandikwe kwenye tangazo la chuo, mzazi azisome kama anavyosoma ada.

Kuhusu ajira sitaahidi nisichokuwa nacho. Wahitimu ninaowajua wako kwenye mabango, vitabu vya watoto, seti za filamu, ubunifu wa vitambaa. Wengine wako kwenye biashara zisizohusiana na sanaa kabisa. Lililobadilika ni kwamba mtaala mpya umeleta sekondari mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, na mkondo huo unataka walimu wanaoweza kufanya kwa mikono kile wanachofundisha. Shule zitawatafuta. Tukiwapa wahitimu wa noti, watoto watanakili noti.

Nilimweleza baba yule mengi ya haya, si yote. Alisikiliza, akauliza kama mwanawe anaweza kuanza kujizoeza sasa hivi, kabla ya kidato cha sita. Nikamwambia anachohitaji ni karatasi kubwa, nyingi, za kuharibu. Jumamosi alikuja na furushi kwenye tuktuk: mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kukung'utwa, imekunjwa vizuri, kamba imefungwa kwa fundo la wavuvi.

"Hizi zinafaa, mwalimu?"

Tulizifungua pamoja. Upande wa ndani ulikuwa wa kaki, safi, wenye ukwaruzo kidogo. Nikamwambia zinafaa sana kwa mkaa, na kwamba mkaa wenyewe tutauchoma hapahapa shuleni, vijiti vya mti laini ndani ya kopo lililofungwa. Akasema makopo anayo.